Kabla hujaweka tinti nyumba nzima Mafinga

Dada yangu wa Mafinga, kamwene. Ngoja nilirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wanaosoma waelewe tunaongelea nini. Nyumba yako imeshapauliwa, fundi wa aluminiamu kakwambia madirisha yote uweke vioo vya tinti rangi ya bronzi, hoja yake ni kwamba ndo za kisasa na mtu wa nje hatoona ndani. Jirani yako nae kakutisha kwamba ukiweka tinti kwa baridi ya huko utajuta. Juu ya hapo mumeo ana gari aina ya Noah ambayo tinti yake ya milango ya mbele imetoa malengelenge na imegeuka zambarau, kwaiyo unauliza hii tinti ni kitu kimoja au ni vitu tofauti, na nyumba yako uiweke ipi. Mi ni fundi wa vioo hapa Mbeya, nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa la vioo halirekebishiki kirahisi, kioo kikishakatwa kimekatwa.

Kwanza kabisa, huku kwetu mtu akisema tinti anaweza akawa anamaanisha vitu vitatu ambavyo havifanani kabisa, na ukienda dukani Mwanjelwa au hapo Mafinga ukasema tu nataka tinti utapewa kilichopo. Kitu cha kuuliza ni kimoja, rangi iko wapi? Iko ndani ya kioo chenyewe, iko juu ya kioo kama madini, au ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa.

Ya kwanza ni kioo chenye rangi ndani yake. Hiki kiwandani wakati mchanga, magadi na chokaa vinayeyushwa wanatia madini kidogo, chuma kinaleta kijani, kobalti inaleta bluu, seleniamu ikichanganywa na vingine inaleta ile bronzi na kijivu. Rangi inaingia kioo kizima, ukikwaruza haitoki, ukikaa nayo miaka ishirini haififii. Na hata hiki tunachokiita kioo cheupe ukichukua kipande ukakiangalia kwa ukingo utaona kijani, ni chuma kilichokuwemo kwenye mchanga wenyewe. Vioo karibu vyote vya madirisha vinavyouzwa sa hivi vinatengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, njia aliyoitangaza Alastair Pilkington kule Uingereza mwaka 1959, ndo maana vinatoka vimenyooka pande zote mbili bila kupigwa msasa. Cheupe na chenye rangi njia ni hiyohiyo, tofauti ni kile kilichotiwa kwenye tanuru.

Ya pili ni ile mafundi tunaita wanwei, kioo kinachong'aa kwa nje, ukisimama mbele yake unajiona. Hapo juu ya kioo kuna utando mwembamba sana wa madini. Mara nyingi kioo chenyewe pia kina rangi ndani, bluu au bronzi, alafu juu yake ndo kuna huo utando, kwaiyo kinafanya kazi mbili.

Ya tatu ni karatasi, ya plastiki yenye gundi, inabandikwa kwa ndani kwenye kioo ambacho tayari kipo. Hii ndo ya kwenye magari mengi na hii ndo ya mumeo iliyotoa malengelenge. Ile ya bei ya chini rangi yake ni rangi tu ya kupaka ndani ya plastiki, jua linaila, nyeusi inabaki zambarau, gundi nayo inachoka inaachia hewa. Zipo nzuri zaidi zenye kaboni au keramiki ambazo hazibadiliki rangi haraka hivyo ila bei yake ni nyingine.

Sasa tuje kwenye baridi maana hapo ndo roho ya swali lako ilipo, na hapo jirani yako kapatia nusu.

Kioo cheupe cha milimita 6 kinapitisha karibu asilimia 88 ya mwanga, na joto la jua linaloingia ndani ni kama asilimia 80 na kitu. Bronzi ya unene huohuo mwanga inapitisha nusu tu na kidogo, joto la jua kama asilimia 60. Kijivu mwanga unashuka chini ya nusu, joto lake ni hapohapo kwenye 60. Kijani ndo inashangaza watu, inapitisha mwanga karibu robo tatu lakini joto inazuia sawa na hizo nyeusinyeusi, sababu yake ni kwamba kile chuma kinachoipa rangi kinakamata ile sehemu ya jua ambayo jicho haliioni ila ngozi inaisikia. Kwaiyo mtu anayedhani kioo kikiwa cheusi zaidi ndo kinazuia joto zaidi anapoteza mwanga bure.

Vioo hivi mwanzoni vilipendwa sehemu za joto, mtu wa Dar au Dodoma akiweka bronzi anajua anachotafuta, anapambana na jua. Wewe Mafinga uko juu karibu mita 1,900, jua la saa tatu asubuhi mwezi wa saba ni hita ya bure isiyo na bili, na fundi anakushauri ulipe hela ya ziada ili uizuie isiingie. Hapo mi siafiki kabisa. Nyumba yenye kioo cheupe upande wa jua ikipata jua toka asubuhi, ukuta na sakafu vinanywa lile joto na jioni unalisikia bado lipo. Ukiweka bronzi unapunguza lile joto kwa kiasi cha robo hivi kila siku ya Mungu, msimu mzima wa baridi.

Nusu ambayo jirani hajapatia ni ya usiku. Usiku tinti haiongezi baridi wala haipunguzi, kioo kimoja kiwe cheupe kiwe bronzi kinatoa joto nje sawasawa. Kinachokuokoa usiku ni pazia zito linalofika chini na lisiloacha mwanya, na ile brashi, yaani manyoya ya kuziba mwanya, ya kwenye madirisha ya slaidi. Nenda kapitishe kiganja taratibu pembeni ya dirisha la slaidi lililofungwa siku ya upepo, utasikia hewa inapita kwenye makutano ya milango miwili na huku chini kwenye reli, hapo ndo baridi yako inapoingilia na hapo ndo pa kumbana fundi, aweke brashi nzima isiyoishia njiani, aweke raba ya kutosha kuzunguka kioo, na silikoni nje kati ya fremu na ukuta. Hela uliyotaka kuongezea kwenye bronzi iende huko na kwenye mapazia.

Sasa upande gani uweke nini. Huku kwetu tuko kusini ya ikweta kama nyuzi 8 na kitu, maana yake mwezi wa sita na wa saba, ndo miezi ya baridi, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Disemba linahamia kusini kidogo. Utosini kabisa linapita mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwisho wa Februari. Kwaiyo madirisha ya kaskazini ndo yatakayokupa jua la mchana wakati unalihitaji, na ya mashariki yatakupa jua la asubuhi mwaka mzima, hizo pande mbili weka kioo cheupe, mtu asikubabaishe. Miezi ya Oktoba na Novemba jua likiwa kali liko juu sana mchana, bati lako likiwa limetoka nje vizuri linafunika dirisha lenyewe, huhitaji tinti kwa hilo.

Magharibi ndo upande pekee ambao ningekuelewa ukitaka rangi, jua la saa tisa mpaka saa kumi na moja linaingia limelala, linapiga hadi ukuta wa ndani, makochi yanapauka, tv haionekani. Kama sebule yako ina dirisha kubwa huko weka kijani hafifu, mwanga unabaki na ukali unapungua. Kusini ni upande wa baridi, hata rangi ya nini, kuna giza tayari.

Bafuni na chooni wengi wanaweka tinti wakidhani wamejificha. Usifanye hivyo, weka vile vioo vya mauamaua au vile vilivyofifishwa kama vina ukungu, maana sababu yake naieleza hapa chini na ni ya muhimu sana hasa kwa wenye watoto wa kike.

Tinti haifichi usiku. Mtu wa nje haoni ndani mchana kwa sababu nje kuna mwanga mkali kuliko ndani, basi. Jicho linafuata kwenye mwanga. Ikifika saa moja jioni umewasha taa, hali inageuka, wewe ndani ndo huoni nje na wa barabarani anakuona kama kawaida, na hii wanwei ndo inadanganya watu zaidi kwa sababu mchana inaficha kweli kweli, mtu anaizoea, anaacha kuweka pazia, usiku anabadilisha nguo akijua yuko salama. Hakuna kioo cha dukani cha kawaida kinachoficha upande mmoja saa 24, anayekwambia kipo mwombe akuwashie taa ndani usiku alafu mtoke wote nje mkaangalie. Kile kilichofifishwa kinaficha usiku na mchana kwa sababu kinavunja sura yenyewe, hakitegemei nani ana mwanga zaidi, japo mtu akisimama karibu sana na kioo kivuli chake bado kinaonekana.

Kingine ambacho mafundi hatuwaambii wateja ni kwamba rangi ya kioo inaingia ndani ya nyumba. Pita kwenye maduka ya nguo ya mjini yenye vioo vya bluu mbele, utaona mteja anashika kitenge, anakigeuza, alafu anatoka nacho hadi mlangoni akakiangalie kwenye jua, kwa sababu ndani njano imekaa kama kijani na nyekundu imekuwa nzito. Umesema we ni muuguzi na unafikiria chumba kimoja cha mbele baadae kiwe duka la dawa, basi hicho usikiweke rangi yoyote ile. Wewe mwenyewe unajua kumfunua mgonjwa jicho kuangalia kama ana manjano au kama hana damu, utaangaliaje kwenye mwanga wa bluu au wa kahawia? Nimeona zahanati imewekwa bluu kwa ajili ya kupendeza na mchana kweupe wanawasha taa. Hata nyumbani, meza ya mtoto kusomea isikae kwenye dirisha la bronzi, na kama unachajia taa ya sola kwa kuiweka dirishani kwa ndani, ujue inapata nusu ya jua na itachaji pole pole mno.

Wanwei ina vituko vyake pia. Kama unafuga kuku wa kienyeji na una dirisha la chini, jogoo akijiona kwenye kioo anadhani ni jogoo mwenzake, anapiga kutwa nzima. Ndege wa porini nao wanagonga kwa sababu wanaona miti na anga kwenye kioo, na Mafinga kwa ilivyozungukwa na misitu ya misonobari hao ndege hawakosekani.

Alafu kuna suala la kupasuka, hili nakuomba ulisome vizuri. Kioo chenye rangi kinakamata joto, kile kinachozuiwa kisiingie ndani si kwamba chote kinarudi nje, kingine kinabaki ndani ya kioo. Sasa asubuhi ya baridi jua linapiga katikati ya kioo, katikati panapata moto na kutanuka, ila ukingo uliojificha ndani ya fremu bado ni wa baridi, unavutwa. Kama ule ukingo ulikatwa vibaya una vijino vijino, ufa unaanzia hapohapo, unatoka ukingoni umenyooka kwanza alafu unapinda, na mwenye nyumba anadhani mtoto karusha jiwe. Kioo cheupe hakina shida hii sana. Kwaiyo popote utakapoweka rangi, mwambie fundi akuonyeshe ukingo kabla hajaingiza kwenye fremu, upitishie macho sio kidole, ukiona una vijino vijino akate kingine. Kioo kisigusane na aluminiamu moja kwa moja, kikae kwenye raba. Na kamwe mtu asikubandikie karatasi nyeusi juu ya kioo cha bronzi au wanwei, hapo umeongeza joto juu ya joto na unaomba ufa.

Unene nao unabadilisha rangi. Kwa kuwa rangi iko ndani ya kioo, kikiwa kinene zaidi kinakuwa cheusi zaidi, kwaiyo fundi akikuwekea dirisha kubwa la sebule milimita 6 na madogo milimita 4, ukisimama getini utaona nyumba ina rangi mbili. Na mzigo wa leo na mzigo wa mwakani haulingani rangi hata kama jina ni lilelile. Ukiamua rangi kwa lile la magharibi, nunua vioo vyake vyote siku moja na uongeze kipande cha akiba, ukihifadhi kimesimama wima mahali pakavu chenye karatasi katikati. Vikilala vimegandana kwenye unyevu vinatengeneza madoa ya rangi rangi kama mafuta juu ya maji, hayo hayatoki kwa sabuni yoyote.

Umeuliza pia kama vile vioo vya rangi rangi vya kanisani ni tinti hiyohiyo. Hapana, ingawa rangi zinatoka kwenye madini hayohayo. Vile vya asili ni vipande vidogo vidogo, kila kimoja na rangi yake ndani, vimeshikwa pamoja na vipande vya risasi vyenye umbo la herufi H, na sura za watu na mikunjo ya nguo vinachorwa juu kwa rangi ya kioo kisha vinachomwa kwenye tanuru mpaka mchoro unagandana na kioo. Toka karne ya 14 walijua kupaka mchanganyiko wa fedha nyuma ya kioo cheupe ukichomwa unatoa njano, ndo zile taji na nywele za malaika za njano unazoona kwenye picha za makanisa ya zamani ya Ulaya. Kamati ya kanisa ikiletewa bei ya chini sana kwa kazi ya namna hiyo, waulize kama ni stika. Stika sio dhambi, ila waambiwe ukweli kabla hawajachangisha.

Sasa Noah ya mumeo. Gari zile zikitoka Japani vioo vya nyuma vinakuwa vyeusi toka kiwandani, rangi iko ndani ya kioo, na vya mbele vinakuwa vyeupe kwa sababu sheria ya kwao inataka vioo vya milango ya mbele vipitishe mwanga angalau asilimia 70. Ndo maana ya nyuma haijawahi kutoa malengelenge na haitatoa, ya mbele ilibandikwa hapahapa. Kuhakikisha, shusha kioo nusu uangalie ukingo wa juu, karatasi huwa inaishia milimita moja au mbili kabla ya mwisho wa kioo na ukipitisha ukucha unakwama hapo.

Mi namshauri aitoe ya mbele na asiweke nyingine. Zile asilimia za karatasi zinazidishwa na za kioo, hazisimami peke yake, karatasi ya asilimia 35 juu ya kioo kinachopitisha 75 inabaki kama 26, robo tu ya mwanga. Mchana Iringa mjini sawa. Lakini we unaijua barabara yetu, ukungu wa alfajiri kati ya Mafinga na Makambako, malori yamesimama bila taa, watu na baiskeli za mkaa pembeni, ukitaka kuangalia saiti mira unaangalia kupitia hichohicho kioo cha mlango chenye robo ya mwanga. Ukishuka Kitonga usiku nyuma ya lori hapo unahitaji kila tone la mwanga ulilonalo.

Kuitoa sio kazi kubwa, anapasha kwa mashine ya kukaushia nywele upande wa karatasi mpaka gundi ilainike, anaanza kona ya juu anaivuta polepole kwa pembe ndogo, gundi inayobaki anailowesha maji ya moto yenye sabuni na kuisugua na kitambaa. Wembe atumie kwenye milango tu na kwa kuulaza. Kioo cha nyuma chenye ile mistari ya kuondoa ukungu asikiguse na wembe, ile mistari ndo waya wenyewe, akikata mmoja umekufa. Kama ana karatasi nyumbani au ofisini anataka kubandika kwenye kioo cheupe, msimu wa baridi gundi inachelewa kukauka, aache bila kusafisha wiki kadhaa, na akisafisha asitumie zile dawa za vioo zenye amonia.

Kwa fundi wako mwandikie hivi kwenye karatasi na muweke sahihi wote: mashariki na kaskazini cheupe milimita 5, magharibi sebuleni kijani milimita 5, kusini cheupe, bafu na choo kilichofifishwa, brashi na raba madirisha yote. Kama anakuja na sampuli usiiangalie kwa kuishika juu angani, iweke juu ya karatasi nyeupe, alafu isimamishe kwenye tundu la dirisha lenyewe saa nne asubuhi na uingie ndani ukaone chumba kinakuwaje. Na asilete vioo mpaka plasta na rangi ya nje viishe, simenti mbichi ikirukia kioo na kukaukia hapo inakila, ukija kuifuta inaacha alama ya weupe, na kwenye wanwei inang'oa na ule utando. Kama haikwepeki kavileta mapema, avifunike kwa nailoni tangu juu ya fremu, na tone likianguka lioshwe kwa maji mengi saa hiyohiyo, lisikwanguliwe.